Gari la Mama na mzee wa Mbagala

"Mama, mbona vioo vyote vya gari la Bibi vimeandikwa namba?"

Swali la Nasra hilo, Jumapili iliyopita, tambara mkononi, kidole kikifuata herufi ndogo zilizochorwa pembeni mwa kioo cha mlango. Nikamjibu kwamba ni namba ya gari, ili mwizi akibandika kibao kingine, vioo vimsute. Akaridhika, akaendelea kufuta. Mimi mawazo yalikwisha kwenda Mbagala.

Gari lenyewe ni Toyota IST, gari dogo. Baba alipofariki, Mama hakutaka iuzwe, wala hakutaka ioze chini ya mwembe. Kaka Idi akaiweka mtandaoni, ikodishwe shilingi 50,000 kwa siku, mteja aendeshe mwenyewe. Kaka ni mtu wa tahadhari. Picha alizoweka hazikuonyesha namba, wala geti letu, wala funguo. Kila mteja alikuja nyumbani mwenyewe na leseni na kitambulisho cha NIDA, Kaka akavilinganisha na sura yake, akampiga picha amesimama kando ya gari. Kadi ya gari haikuwahi kupewa mteja. Fundi umeme wa Ilala alifunga GPS mbili: moja chini ya dashibodi, ambako kila mwizi hupekua kwanza, na nyingine mahali ambapo sitapataja hapa, yenye betri yake na laini yake ya simu. Akaunga na rilei, yaani swichi ya umeme, kwenye umeme wa pampu ya mafuta. Ukituma ujumbe, gari haliwaki.

Yote hayo yalitokana na maneno ya wakala wa bima. Alimwambia Mama wazi: bima ya gari binafsi haifai kwa gari la kukodisha, na hata ukikata bima kubwa ya biashara, ukimkabidhi mtu funguo kwa mkono wako na asirudi, kampuni nyingi hazihesabu kuwa huo ni wizi. Watu wanahangaika na kengele za milango na vyuma vya usukani. Lakini gari la kukodi halivunjwi mlango. Linaondoka mchana, na mwenye nyumba anapunga mkono.

Kijana aliyelichukua alikuwa na adabu. Alimwamkia Mama kwa kuinama, akasema anakwenda harusini Morogoro. Kesho yake GPS ya kwanza ikaonyesha Mbagala, kisha ikafa. Simu ya kijana haipatikani. Tukaenda polisi, tukachukua RB, yaani namba ya taarifa yetu, tukasubiri ile GPS ya pili, ambayo hutuma taarifa kwa nadra ili betri idumu. Ujumbe ukaingia baada ya isha: Mbagala hukohuko. Kaka akatuma amri ya kuzima, tukaondoka na askari wawili. Mama alikataa katakata kubaki nyumbani.

Tulilisikia gari kabla ya kuliona. Nyuma ya ukuta mota ya kuwashia ilikuwa inazunguka, inapumzika, inazunguka tena, injini haishiki. Tukabisha hodi. Akafungua mzee mmoja amevaa kikoi na fulana, akatutazama, akatazama askari, akasema karibuni. Hakukimbia. Askari alipomwuliza gari ni la nani, aliingia ndani akatoka na bahasha ya kaki.

Ndani mlikuwa na kadi. Jina kamili la Mama. Namba ya chesisi sahihi, ya injini sahihi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye bodi la gari, na mtu akishakuwa nalo anainakili kwa raha zake. Jina la Mama kijana aliliona kwenye mkataba wa kukodi. Mama akatoa kadi halisi mkobani, zikawekwa sambamba kwenye boneti, askari akamulika kwa simu.

Mzee akasoma moja, akasoma ya pili, akarudia. Kisha akamgeukia Mama.

"Wewe ndiye Bi Zuhura?"

"Ndiye mimi."

"Kijana wako aliniambia umelazwa Muhimbili. Pesa ni za upasuaji."

"Sina kijana huyo, kaka yangu."

Mzee akashika boneti kwa mikono miwili. Alikuwa ametoa shilingi milioni 3, mafao yake ya kustaafu, gari likawa bondi, yaani rehani. "Hata vioo nilivikagua," akasema. "Nikaona namba ni ileile ya kwenye kibao. Nikasema hili gari safi."

Mkewe alikuwa mlangoni muda wote. Akamsogelea Mama, akamshika bega, akamwuliza taratibu, "Kwa hiyo hukuumwa? Mimi nimekuwa nakuombea." Mama akashindwa kujibu. Akakaa kwenye kiti cha plastiki alichowekewa, na yule mama akakaa chini mkekani karibu naye, na askari wakaandika maelezo yao.

Gari likakaa kituoni kama kielelezo, baadaye tukarudishiwa. Leseni na kitambulisho vilikuwa vya mtu aliyeibiwa pochi, wamefanana mno. Picha ya kijana polisi wanayo, lakini hajakamatwa hadi leo. Mzee hakurudishiwa kitu.

IST bado inakodishwa. Kaka ameongeza sharti la mdhamini anayejulikana na mjumbe wa mtaa wake, na mimi naona ni sharti zuri kuliko vifaa vyote. Kinachonisumbua ni kwamba gari tulililinda, jina la Mama hatukuweza kulilinda, na sijui lingelindwaje, maana hakuna mkataba usio na jina la mwenye gari. Hata zile namba za vioo zilifanya kazi yake sawasawa, na ndizo zilizomtoa mzee wasiwasi.

Mama humtumia yule mzee kidogo kila gari linapoingiza pesa. Kaka hakubaliani naye. Anasema hatudaiwi, na akienda kwa mwanasheria yeyote ataambiwa hivyohivyo. Mama anamjibu kwamba pesa ile ilitolewa kwa ajili yake, alazwe asilazwe. Wameshabishana mbele yangu zaidi ya mara moja, kila mmoja ananigeukia nimuunge mkono, na bado sijaweza kuwajibu.