Limfosaiti za Shangazi

Mwaka 2008 nilikuwa mwanafunzi wa maabara nikifanya mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya Dar es Salaam, na kwa wiki kadhaa shangazi yangu, aliyeletwa kutoka Songea akiwa na saratani ya shingo ya kizazi, alilala chumbani kwangu huku mimi nikilala sebuleni. Kila siku ya kazi alipelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road kupigwa mionzi. Ratiba yake ilikuwa ya vipindi 25, na mara moja kwa wiki alitundikiwa dripu ya sisplatini, dawa inayoipa mionzi nguvu zaidi dhidi ya uvimbe. Kabla ya kila dripu daktari alitaka kuona kipimo cha picha nzima ya damu, na kwa kuwa mimi nilishinda maabara, ndugu walikubaliana damu ipimwe nilipokuwa.

Ninachokikumbuka ni kipimo cha wiki ya nne. Kichupa chake chenye kifuniko cha zambarau kilipita kwenye mashine, na karatasi ikatoka na alama ya nyota kando ya tarakimu za chembe nyeupe, maana yake mashine yenyewe haikuwa na imani na ilichohesabu na ilibidi mtu aangalie kwa macho. Niliomba niangalie mimi. Nikadondosha tone la damu kwenye kioo, nikalisukuma kwa ukingo wa kioo cha pili mpaka likawa utando mwembamba wenye umbo la ulimi, nikaupaka rangi ya Leishman, na ulipokauka nikaweka tone la mafuta na kushusha lenzi kubwa ya hadubini.

Chembe nyekundu zilikuwa tele. Nyeupe ndizo zilizonitoa jasho. Kuhesabu 100 na kuzigawa kwa aina zake ni kazi ya dakika chache, lakini siku hiyo nilisogeza kioo huku na huku bila kukutana hata na moja kwa muda mrefu, na nilipofikisha 100 shingo ilikuwa imekaza. Neutrofili zilikuwa 76. Limfosaiti, zile ambazo kiini chake cha mviringo kilichokolea rangi hukaribia kuijaza chembe nzima, zilikuwa 14 tu. Nikafukua matokeo yake ya kabla ya tiba: chembe nyeupe 5,800 kwa kila mikrolita, limfosaiti 31 katika kila 100. Sasa jumla ya nyeupe ilikuwa 1,600. Nikapiga hesabu pembeni mwa daftari: limfosaiti zimeshuka kutoka karibu 1,800 hadi 224.

Niliamini nimeharibu kipimo. Hemoglobini, kipimo cha damu nyekundu, ilikuwa 11.4, karibu ileile ya mwanzo, na sikuelewa mionzi ingewezaje kufuta sehemu moja ya damu na kuiacha nyingine. Nikachovya kijiti kwenye kichupa kutafuta bonge la damu iliyoganda, maana bonge humeza chembe na kudanganya hesabu. Hakuna bonge. Nikatengeneza kioo kingine, nikahesabu upya, nikapata 13.

Mkuu wa zamu, mama wa makamo ambaye hakupenda kusumbuliwa akinywa chai, aliinama kwenye hadubini kwa kitambo, kisha akauliza, "Binti, mgonjwa huyu anachomwa mionzi?" Nikamwambia ndiyo, nyonga. "Basi hujakosea. Limfosaiti ndizo za kwanza kuondoka."

Akanieleza akiwa amesimama, kikombe mkononi. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, na huishi siku 120 hivi. Hata uboho, kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa, ukiacha kuzalisha leo, wingi wa damu hautashuka kesho. Neutrofili haziishi muda mrefu kwenye damu, hivyo uboho ukipigwa, upungufu wake huonekana baada ya siku au wiki. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, nazo hudumu siku nane hadi kumi. Na kwa mtu mzima sehemu kubwa ya uboho unaofanya kazi imo kwenye nyonga na uti wa mgongo, palepale shangazi alipokuwa akipigwa, na sisplatini nayo ilikuwa ikiubana. Limfosaiti ni habari nyingine. Haihitaji hata kuwa katika kugawanyika: mionzi ikishaharibu vinasaba vyake, inajiua yenyewe ndani ya saa chache. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba baada ya ajali ya Chernobyl ya 1986, madaktari waliwahesabia wazimamoto na wafanyakazi wa kinu limfosaiti ili kukadiria kila mmoja alikuwa amepigwa kwa kiasi gani, na nikamkumbuka yule mama na kikombe chake.

Daktari aliposoma majibu aliahirisha dripu kwa wiki moja, akaagiza mionzi iendelee, na akatuonya kwamba homa yoyote ile, hata iwe usiku wa manane, tumpeleke hospitali bila kungoja asubuhi.

Nyumbani nilimkuta shangazi na jagi la juisi ya choya, zawadi ya jirani, na bitiruti zikichemka jikoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Damu imeshuka?"

Nilijaribu kumweleza kwamba damu yake nyekundu haina neno, kwamba zilizopungua ni askari wa mwili, na hao hawaletwi na choya. Alinisikiliza kwa adabu, akamimina glasi nyingine.

Wiki iliyofuata nyeupe zilipanda hadi 2,700, na karibu nyongeza yote ilikuwa ya neutrofili. Limfosaiti zilikuwa bado 9 katika 100. Dripu ikaruhusiwa. Nilipomwambia kwamba zimepanda, shangazi alimgeukia jirani aliyeketi naye mkekani na kusema, "Si nilikwambia?" Sikumbishia. Nilikwenda dukani kununua sukari, kwa kuwa ile ya jagi ilikuwa imekwisha.