Mbu ana mizani ngapi?

Chukua ubeti huu, uliotungwa kwa zoezi tu:

Mchwa, mdudu dhaifu, hujenga mnara wake,
Kwa mate na vumbi chafu, akaupa sura yake,
Vibarua safu safu, kila mmoja na lake,
Dhoruba kwake si hofu, hatoki ngomeni mwake.

Ni tarbia: mishororo (mistari) 4, kila mmoja una ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na utao, nusu ya pili. Mizani ni silabi zake. M-chwa-m-du-du-dha-i-fu, 8. Hu-je-nga-m-na-ra-wa-ke, 8. Mshororo mizani 16, ubeti 64.

Mashairi ya wadudu hunasa watu kwenye majina. "Mchwa" ni mizani 2, kwa kuwa M yake inasimama peke yake. "Mbu" na "nzi" pia ni 2: neno lina irabu moja tu, basi M na N hubeba mkazo na kuhesabiwa. Neno likirefuka, M ya mb- na N ya nz- humezwa. "Nzige" ni nzi-ge, 2, "mbung'o" 2, "kumbikumbi" 4. Anayehesabu n-zi-ge atamlaumu mtunzi bure.

Sasa mtoe mchwa, umweke siafu. Si-a-fu ni 3, ukwapi unafika 9. Wengi watakata M ya "mdudu" wapate "Siafu, dudu dhaifu". Mizani imetimia, maana imekufa: dudu ni mdudu mkubwa wa kutisha, udhaifu utoke wapi? Afadhali "Siafu, japo dhaifu".

Kina cha kati, yaani silabi ya -fu inayofunga kila ukwapi, kimetolewa jasho: dhaifu, chafu, safu, hofu, maneno yasiyo na undugu. Ukiweka "mvivu" hapo kina kinavunjika, maana kina ni silabi nzima, si irabu peke yake. Lakini -ke ya mwisho ni uvivu mtupu. Wake, yake, lake, mwake: neno lilelile limevalishwa viambishi tofauti. Mtahini hatakata alama, ila sikio linachoka mapema.

Bahari, yaani aina ya shairi, kwa upande wa vina haijulikani kwa ubeti mmoja, ingawa wanafunzi hukimbilia kuandika "mtiririko". Subiri ubeti wa pili. Ukirudisha -fu na -ke, na beti zote zikafuata, ndiyo mtiririko. Ikibaki -ke huku kina cha kati kikibadilika, ni ukara. Vikibadilika vyote, ukaraguni. Hata mshororo wa dhoruba tuuite kituo tu kwa sasa, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti. Utakuwa kibwagizo ukirudiwa mwishoni mwa kila ubeti.