Upande wa pili wa barua

Leicester, Uingereza, Alhamisi usiku

Mwanangu Bibie amelala, nami nimekaa pembeni mwa kitanda chake na kipimajoto mkononi. Usingizi hauji, basi niandike.

Leo amechanjwa homa ya mafua. Kwa watu wengine hapa mtaani hili si jambo hata la kusimulia. Kwangu limechukua mwaka mzima.

Mwaka jana barua ya daktari ilikuja Oktoba. Bibie alikuwa na miaka miwili na miezi kidogo. Huku, mtoto aliyefikisha miaka miwili au mitatu kabla Agosti haijaisha huitwa kwenda kuchanjwa kabla baridi haijaingia, na wengi wao hawachomwi sindano: hupuliziwa dawa puani, kidogo tundu hili, kidogo tundu lile, wakarudi nyumbani. Niliisoma barua nimesimama jikoni, maharage yako motoni. Nikafika pale panaposema dawa ya puani ina jelatini ya nguruwe, kitu cha kugandisha kinachotolewa kwenye ngozi na mifupa yake. Nikaishia hapo hapo. Nikaibana kwenye friji kwa ile sumaku ya mlango wa Mji Mkongwe aliyotuletea shemeji, nikarudi kwenye maharage yangu.

Ikakaa pale hadi Februari.

Watu waliponiuliza nilikuwa na jibu tayari: "Ina nguruwe." Nani atabishana na jibu hilo? Mume wangu alitikisa kichwa kukubali. Mashoga zangu wa darasa la Kurani walitikisa kichwa. Sasa naweza kusema ukweli: siku ile sikuamua kitu. Yupo mtu anayekaa, anasoma, anauliza wenye elimu, kisha anasema hapana kwa ajili ya dini yake. Huyo ameamua na namheshimu. Mie nilipata pa kujificha. Nilijificha nyuma ya nguruwe, mnyama ambaye sijawahi hata kumgusa.

Na lugha yetu nayo ilinisaidia kuzembea. Kwetu mafua ni mafua. Kamasi zikimtoka mtoto, mafua. Mtu mzima akilala siku tano na mwili unamuuma hadi kucha, mafua pia, labda tuongeze "makali". Nilipomwambia Mama kwa simu kuwa huku wanachanja watoto mafua, alicheka mpaka akakohoa.

"Mafua nayo yana chanjo? Haya, na chafya je?"

Asidhaniwe kuwa ni mtu wa kukataa chanjo. Kadi zetu za kliniki, sote watano, bado anazo Unguja, kwenye sanduku moja na hati ya nyumba. Wajukuu walioko huko wamepata zote, ya kifua kikuu, ya kupooza, penta, ya surua. Akisikia jina la surua tu anakaa sawa, maana aliiona ikipita nyumba hadi nyumba alipokuwa mdogo. Lakini kadi ya huko haina mstari wa mafua. Mafua dawa yake ni tangawizi, asali, ndimu, habasoda, na kujifukiza. Angenijibu nini tena?

Februari Bibie aliamka na homa. Siku ya kwanza nilisema mafua. Siku ya pili nikasema mafua makali. Usiku wa tatu kipimajoto kilisoma 40.1, panadol ya maji ilikuwa inaishusha kwa saa mbili kisha inarudi, na mtoto alikuwa hataki hata maziwa. Mume wangu akapiga 111, namba ya huku ya kuomba ushauri wa afya. Yule dada wa kwenye simu akaniambia nimfunue nguo kifuani na nihesabu pumzi kwa dakika nzima. Nilihesabu 52. Baadaye nilijua kwamba kwa mtoto wa umri ule ikifika 40 tayari ni nyingi. Lakini namba haikunitisha kama nilichokiona: kila akivuta pumzi, ngozi ya katikati ya mbavu ilikuwa inazama ndani, kama vile kuna mtu anaivuta kwa uzi kutoka mgongoni.

Hospitali walimchukua kipimo puani, ikaja influenza A, yaani ile homa ya mafua yenyewe. Tulilala pale usiku mmoja, amewekewa oksijeni. Hakuna kilichoharibika, alhamdulillah, na sitaki kulifanya tukio kubwa kuliko lilivyokuwa. Wodi ilikuwa imejaa watoto wa aina yake. Ila muuguzi alipokuwa anajaza fomu aliuliza kama alichanjwa. Nikatoa jibu langu la siku zote. Akaandika. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, bila ya kunyanyua macho: "Na sindano?"

Sikumwelewa.

"Ya sindano haina jelatini. Mngeiomba tu."

Nilirudi nyumbani nikaitoa ile barua kwenye friji na kuigeuza. Imeandikwa pale nyuma, mistari miwili: kama hamtaki dawa ya puani kwa sababu ya jelatini, mwambieni muuguzi, kuna sindano. Miezi minne upande wenye maandishi hayo ulikuwa umeangalia mlango wa friji.

Siandiki haya kudai kuwa sindano ingezuia yote. Chanjo hii haiko kama ya surua, ukiipata umemaliza. Kirusi hubadilika, kwa hiyo kila Februari Shirika la Afya Duniani hukaa na wataalamu wake kuchagua aina zitakazowekwa kwenye chanjo ya msimu ujao wa kaskazini, na kuna miaka wanapatia na miaka wanakosea kidogo. Hata mwaka wanaopatia, watu wanaochanjwa hupunguziwa hatari ya kuugua kiasi cha asilimia 40 hadi 60. Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilisema, ndiyo hiyo tu? Kisha nikakumbuka ile ngozi ya mbavuni. Kupunguziwa nusu ya hofu ile ningekununua kwa bei yoyote.

(Jambo moja lilinichekesha katika kusoma kwangu: zamani chanjo ilikuwa na aina nne, sasa ni tatu, kwa sababu aina moja ya kirusi cha mafua cha kundi B haijaonekana popote tangu Machi 2020. Tulivyojifungia ndani kwa ajili ya korona, kirusi kile kikakosa pa kwenda. Kumbe kulikuwa na faida japo moja.)

Basi barua ya mwaka huu ilipokuja Septemba niliisoma pande zote mbili, na mara hii niliisoma kwa sauti, mume wangu akiwa mezani.

Yeye ndiye aliyekwenda kumuuliza sheikh. Alirudi na majibu mawili badala ya moja, kama kawaida ya wanazuoni. Mwaka 1995 walikutana Kuwait wanazuoni na madaktari, wakasema jelatini imeshageuka kutoka asili yake, ni kama pombe iliyogeuka siki, hivyo inajuzu. Wengine hawakubali, wanasema madamu kuna mbadala usio na shaka, hapana dharura. Sheikh akamwambia achague linaloutuliza moyo wake.

Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kuelekea puani, nakiri. Muuguzi wa zahanati aliniambia kwa simu kuwa kwa watoto ndiyo wanayoipendelea, inafanya kazi vizuri na inapunguza mtoto kuambukiza wenzake. Na Bibie anaogopa sindano. Lakini ile ya puani ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kinachoweza kukua kwenye ubaridi wa pua tu, si kwenye joto la mapafu, na mtoto mwenye kukorota kifua siku hizo haruhusiwi. Bibie tangu Februari kifua chake kinakorota kila akipatwa na kamasi. Wiki iliyopita tu alikuwa anakorota. Kwa hiyo tukaangukia sindano, sababu mbili kwa pamoja, na sikulazimika kumshinda mume wangu kwa hoja. Ndoa pia inahitaji bahati.

Nilipitia duka la dawa kuuliza tena, kwa wasiwasi tu. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, Uganda, aliletwa hapa akiwa mtoto mwaka 1972 Amin alipowafukuza. Kiswahili chake kimebaki cha sokoni. "Mama," akaniambia, "sindano iko. Kirusi yake kufa kabisa. Nguruwe hakuna. Wewe nataka nini tena?"

Sikuwa na jibu. Shoga yangu mmoja anasema mwanawe alichanjwa akapata mafua siku ya tatu, na siwezi kumwambia hakuona alichokiona. Kinga huchukua kama wiki mbili kujijenga, na Oktoba huku kila mtoto wa chekechea ana kamasi. Nilinyamaza tu, tukaongea habari nyingine.

Kilichobaki ni Mama. Anakuja Desemba, inshallah, miezi miwili, na ana miaka 71. Nilimweleza kwamba watoto ndio wanaoyasambaza mafua nyumbani, na wakubwa wa umri wake ndio yanaowalaza.

"Kwa hiyo mnamchoma mtoto kwa ajili yangu?" Sauti ilikuwa imekwisha kicheko.

"Kwa ajili yake kwanza, Mama. Na wewe pia."

Akakaa kimya. Kisha akasema nisisahau kumpa kitu kitamu baada ya sindano, na asichomwe akiwa na njaa. Sijui kama hiyo ndiyo ruhusa. Nimeichukua kama ruhusa.

Leo saa tisa na nusu alikaa mapajani mwangu, mkono wake wa kushoto nimeushika, wa kulia umemkumbatia sungura wake. Alilia kabla sindano haijamgusa, akanyamaza ilipoingia, kwa mshangao nadhani, kisha akalia tena kwa hasira alipoona tunacheka. Amekataa kubanduliwa plasta. Amekula biskuti tatu.

Sasa ni saa sita kasoro. Kipimajoto kinasoma 37.9. Walisema inaweza kupanda kidogo siku ya kwanza. Nimemfunua kifua na kuhesabu pumzi, mkono wenyewe ulikwenda bila ya kuniuliza. Pumzi 26. Nikahesabu tena.

Mume wangu ameuliza kutoka gizani, "Ana homa?"

"Kidogo."

"Ya sindano?"

"Ya sindano."

Amegeuka upande wa pili. Mie nitakaa kidogo.