Nusu ya chenza

Novemba 2013, mwezi wangu wa pili Kyoto, Japani. Niliingia kantini kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto mchana, trei mkononi: wali, supu ya miso, samaki wa kukaanga. Kulikuwa na meza ndefu zilizokatwa katikati kwa ubao, ukikaa upande huu humwoni aliye ng'ambo. Mwenzangu wa maabara alikuwa pale.

Mimi mtoto wa Tanga, nimelelewa kwenye sinia moja na wenzangu saba. Kwetu ukimkuta mtu anakula, hata kama hamjuani, atakwambia "karibu", nawe utajibu "starehe". Basi nikaenda moja kwa moja, nikakaa mbele yake, nikachungulia juu ya ubao na kumsalimu.

Alishtuka. Akainamisha kichwa kwa adabu, akala harakaharaka, akaondoka. Nilijua nimekosea, ila sikujua wapi.

Jioni alinieleza taratibu, kwa Kijapani chepesi alichokuwa akinichagulia. Mbao zile ziliwekwa 2012, na wanafunzi wakaviita viti vyake bocchi-seki, viti vya wapweke. Kabla ya hapo alikuwa akila onigiri zake, madonge ya wali, kwenye ngazi za dharura. Kula peke yake hakukumsumbua. Kilichomtesa ni kuonekana anakula peke yake, watu wakadhani hana rafiki. Wako hata wanaojifungia chooni na chakula chao, alisema akitazama chini. Jambo hilo lina jina kabisa: benjo-meshi, mlo wa chooni.

Nilikuwa nimeshauhukumu ule ubao moyoni. Maneno yakanikauka. Kumbe ndio uliomtoa kwenye ngazi, akapata wali wa moto katikati ya watu. Hata hivyo iliniuma, na inaniuma mpaka leo, kijana kama yule kuhitaji kizuizi ili ale kwa amani.

Kesho yake nilikaa ng'ambo ya ubao wake, safari hii bila kuchungulia. Nikasema bismillahi kimoyomoyo. Upande wa pili nikasikia viganja vikikutana, na sauti ndogo: "itadakimasu," neno la Wajapani kabla ya kula. Tukala.

Nilipokuwa namalizia supu, mkono ukatokea juu ya ubao, kidole cha kati kina doa la wino. Ulishika nusu ya chenza, limeshamenywa, nyuzi zake nyeupe zimebanduliwa moja moja mpaka likang'aa. Nikalipokea kwa mikono miwili.