Eti kwetu ndio tunaozesha watoto

Jana tuko tunakunywa kahawa kabla ya shifti ya mchana, dada mmoja ninayefanya naye kazi hapa nyumba ya wazee akaniuliza, eti kwenu bado mnaozesha watoto? Na mume akifa mashemeji wanakula mali? Kaona kwenye TV. Labda hakuwa na nia mbaya ila ile sura ya huruma jamani, kahawa ilinishinda.

Nikamuuliza, hapa Marburg, Ujerumani, lile kanisa kubwa la Elisabeth limejengwa juu ya kaburi la nani? Kimya!

Mimi najua sababu ya bibi mmoja ninayemuogesha, huwa ananisimulia polepole nimuelewe, Mungu ampe maisha. Nyie mnaokuja inboksi kuuliza njia ya kuja huku, someni Kijerumani hukohuko mpaka B2 (kiwango cha juu kidogo cha lugha) iingie kichwani, na hata hiyo B2 ukikutana na lafudhi ya wazee wa Hessen, jimbo hili la Marburg, unabaki unatoa macho.

Basi nikamsimulia, Elisabeth alikuwa binti wa mfalme wa Hungaria, kazaliwa 1207. Mwaka 1211, ana miaka 4, akaletwa huku akalelewe ukweni, kashaposwa kwenye ukoo wa watawala wa Thüringen, eneo la hapa Ujerumani. Miaka 2 baadaye mama yake akauawa huko kwao, mtoto yuko ugenini. Mliopokea simu ya msiba mkiwa huku mnajua. 1221 akaolewa na Ludwig, ana 14, na kwa kweli walipendana. Septemba 1227 Ludwig akafa kwa homa kule Otranto, Italia, akielekea vita vya msalaba, na mtoto wao wa tatu akazaliwa wiki chache tu baada ya hapo. Mjane wa miaka 20! Shemeji Heinrich Raspe akashika madaraka, Elisabeth akatoka Wartburg, ngome yao, kuna wanaosema alifukuzwa na kuna wanaosema aliondoka mwenyewe alipobaniwa mali yake. Mjomba wake askofu wa Bamberg naye anataka kumuozesha tena, akagoma. Sasa hiyo ni Thüringen au ni kijijini kwetu?

Mwisho ukweni wakampa marki 2000 (pesa za enzi hizo), 1228 akajenga hospitali hapahapa Marburg akawa anaosha wagonjwa kwa mikono yake. Binti wa mfalme, kazi ambayo leo wenyewe wanatuachia sisi. Padri wake Konrad alikuwa anamchapa, akamfukuzia hata wale wanawake waliokuwa wakiishi naye. Akafa 1231, miaka 24 tu, 1235 wakamtangaza mtakatifu.

Ila anayenikosha ni bintiye Sophie. Naye mjane, naye ana mtoto mdogo wa kiume, akapigania urithi wa mwanawe mpaka 1264 vita ikaisha, ndipo Hessen ikapatikana. Sanamu yake iko pale sokoni, kambeba mtoto.

Dada wa watu akajibu, "hiyo ni zamani sana." Nikamwambia sawa, tukaingia kazini.

Kuna kitu sikumwambia. Yule mtoto wa mwisho, Gertrud, Elisabeth alimpeleka kwa masista Altenberg hajafika hata miaka 2. Watu wanasifu imani yake, mimi hapo huwa namuomba bibi aruke. Wangu ana miaka 4, yuko Morogoro na mama yangu, juzi kwenye video kaniita shangazi.