Kurudi Acholi: yai kwanza, oput baadaye

Ukirudi Gulu, Kitgum au Pader, nchi ya Waacholi kaskazini mwa Uganda, baada ya miaka mingi Nairobi, London au porini, usikimbilie kuingia ndani. Simama pale njia inapoingia bomani. Wazee watakuwa wameweka vitu vitatu: yai bichi la kuku, kijiti cha opobo chenye utelezi kama sabuni, na layibi, ule mti wa kufungulia ghala la nafaka. Unakanyaga yai likapasuka, ndipo unaingia. Hii ndiyo nyono tong gweno. Yai halina mdomo, halijamsengenya mtu, opobo inakuosha, layibi inakurudisha kwenye ghala lililokulisha. Haikubuniwa kwa ajili ya wapiganaji. Hata aliyeondoka kwa ugomvi wa shamba, au aliyepotelea kazini mbali, hukanyaga.

Kama ulidhaniwa umekufa na matanga yakakaliwa, pigeni simu mapema, maana kuna kazi ya ziada: lwoko pik wang, kuosha machozi. Machozi yaliyomlilia mtu aliye hai ni nuksi mpaka yaoshwe, na hapo mbuzi huchinjwa. Kumtafuta mbuzi siku hiyohiyo ni kuwaaibisha wenyeji.

Sasa kosa la watu wa redio na wageni wa miradi: kila tambiko la Waacholi wanaliita mato oput, yaani kunywa oput, mzizi mchungu. Katika vita vya LRA, waasi wa Lord's Resistance Army, waliorudi kutoka porini walikanyaga mayai, wengine kwa makundi makubwa, na watu wakadhani hesabu imefungwa. Yai linakurudisha kwenu. Halikupatanishi na ukoo ambao ulimuua mtu wao.

Mato oput ni ya koo mbili na kifo kinachojulikana. Tangu damu imwagike, koo hizo hazili pamoja, hazinywi pamoja wala hazioani. Mzee asiye wa upande wowote, mara nyingi rwot moo, yaani chifu aliyepakwa mafuta, huenda huku na kule mpaka muuaji akiri na mambo yasemwe yalivyotokea. Hatua hii inaweza kula miaka, na ndiyo yenye uzito. Kisha culo kwor, dia, yaani fidia ya damu. Unaolipa ni ukoo mzima, si muuaji peke yake. Zamani alitolewa msichana. Baadaye ng'ombe, ili mke aolewe na mtoto wake apewe jina la marehemu. Ng'ombe wengi wa Acholi waliporwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo siku hizi ni fedha, na wanaoishi ughaibuni ndio hutazamwa kwanza. Changa, lakini usilipe yote wewe: ukoo usiotoa chochote haujakiri kitu.

Siku ya sherehe watu hukutana uwanja usio wa yeyote, mbali na nyumba. Upande wa muuaji huleta kondoo, upande wa aliyefiwa huleta mbuzi. Wanyama hukatwa nusu na nusu zikabadilishwa. Mzizi wa oput hupondwa, ukachanganywa na pombe ndani ya kibuyu. Wawili wawili, mmoja wa kila ukoo, hupiga magoti, mikono nyuma, vichwa vikigusana, wakanywa pamoja. Ni chungu hasa. Baada yake huliwa boo mukwok, mboga iliyochacha, kwa sababu chakula kilioza muda wote ambao hawakukaribishana. Chakula kinaliwa chote. Hakuna anayefungasha cha nyumbani.

Sherehe zilizolipiwa na wafadhili ziliteleza hapa: kibuyu kikawahi, ukweli na dia vikabaki nyuma. Watu walikunywa, wakapigwa picha, na bado hawaoani.

Kwa makabila mawili yaliyopigana kuna gomo tong, kukunja mikuki. Majirani nao wana yao. Makubaliano ya Juba kati ya serikali ya Uganda na LRA, ya tarehe 29 Juni 2007, yaliyataja kwa majina, pamoja na mato oput: kayo cuk ya Walango, ailuc ya Wateso na tonu ci koka ya Wamadi.

Kigumu ni cha aliyeua katika kijiji asichokijua jina, akiwa mtoto aliyetekwa. Hapo hakuna ukoo wa kukaa nao, na oput hainywewi na mtu mmoja. Wazee humfanyia moyo kum, kutakasa mwili, na penye maiti nyingi hufanya moyo piny, kutakasa ardhi, ili cen, roho za waliouawa, zisiwasumbue wanaorudi kulima.