Nilivyomtambua mla perege bwawani kwangu

Bwawa ni la udongo, mita 20 kwa 15, pembeni mwa bonde la mpunga upande wa Wete, Pemba. Nilipandikiza perege watatu kwa kila mita ya mraba, jumla 900. Chakula kilipoanza kubaki juu ya maji, kila aliyepita alikuwa na mshtakiwa wake: kunguru, kenge, watoto wa jirani. Mimi nilianza na hesabu, maana samaki wanaopungua huenda wanaliwa, wanakufa, wanatoroka au wanavuliwa, na kila moja lina dawa yake.

Bwawa huhesabika bila kukaushwa. Vuta juya, toa samaki 60 wa kuanzia sentimita 10, kata kwa mkasi ncha ya pezi moja la tumbo, warudishe. Waache siku nne au tano wachanganyike, kisha vuta tena. Ukipata 80, na 8 kati yao wana pezi lililokatwa, zidisha 60 kwa 80 ugawe kwa 8: bwawani mna kama 600. Ni makadirio, ila yanatosha. Vifaranga waliozaliwa humohumo wasiingie kwenye hesabu. Perege huzaa mapema mno, na wanawe hukufanya udhani bwawa limejaa wakati wakubwa wameshakwisha.

Wakati huohuo pima urefu. Ukubwa unaokosekana ndio unaopunguza washukiwa. Wakipotea wa sentimita 3 hadi 8, fikiria mdiria, mnandi, chura wakubwa, au kambale aliyeingia na maji ya mtaro. Kwangu wadogo walikuwa tele. Waliokosekana ni wa sentimita 12 hadi 18. Mdiria hambebi huyo. Wakibaki wadogo tu, na wakubwa wote wametoweka kwa mkupuo mmoja, tope limevurugika na majani ya ukingoni yamelala upande mmoja, huyo ana miguu miwili na kimia begani, na habari yake ni ya sheha.

Kama samaki wanatoroka kwa bomba la kupunguzia maji, hilo nililimaliza upesi: funga mfuko wa wavu wa dagaa mdomoni mwake, usubiri mvua kubwa, uangalie kilichonaswa. Kambale naye hujulikana kwa mshipi wenye ndoana tatu na utumbo wa kuku, ulazwe chini usiku mmoja. Wenye mabwawa ya mwatiko kando ya mikoko wanayo shida ya aina hiyohiyo kutoka baharini, kwa kuwa chewa na kolekole huingia na maji ya bamvua wakiwa wadogo kuliko tundu la wavu wa lango, wakakulia ndani. Mla samaki wa ndani ya maji haachi alama yoyote nchi kavu, kwa hiyo mtu anaweza kukesha ukingoni mwezi mzima asione kitu.

Kufa kwa kukosa hewa huonekana kabla ya jua kuchomoza: samaki wamejaa juu, midomo wazi, hasa maji yakiwa ya kijani kizito na mchana uliotangulia ulikuwa wa mawingu. Hapo ndipo kunguru anaposingiziwa. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji, na bwawani kazi yao kubwa ni hiyohiyo ya kula kilichokwisha kufa. Ukiokota samaki mwenye jeraha, chukua kisu kikali uchune ngozi pembeni mwa tundu. Nyama ikiwa na damu iliyovilia, nyekundu iliyoiva kama zambarau, alijeruhiwa akiwa hai. Ikiwa nyeupe mpaka ukingo wa jeraha, alikufa kwanza, akadonolewa baadaye. Macho yaliyotolewa na tumbo lililopasuliwa peke yake havimtii mtu hatiani.

Baada ya hapo ndipo nikaweka mchanga. Hii ndiyo sehemu iliyonipa jibu, na inataka subira kidogo. Fyeka majani mita mbili kuzunguka bwawa. Chekecha mchanga laini, utandaze ukanda wa sentimita 60 kwa upana na 3 kwa kina kwenye ukingo wote, usiache pengo, kwa kuwa mnyama akiliona pengo atalipita hilohilo. Nyunyiza maji kidogo ili ushike alama. Ukiloa sana unaganda, ukikauka sana unabomoka. Lainisha kwa ubao ulionyooka. Kisha soma mara mbili kwa siku: alfajiri kabla hujatia mguu, ili upate ya usiku, na magharibi upate ya mchana. Kila ukisoma, lainisha upya. Ukisoma mara moja tu kwa siku utachanganya wageni wa mchana na wa usiku, na saa ndiyo nusu ya ushahidi. Masika haifai, mvua inafuta kila kitu. Subiri kipupwe, au kiangazi cha kaskazi.

Alama zenyewe hazifanani. Korongo na yangeyange huacha vidole vitatu virefu mbele na kimoja nyuma, mstari unaokwenda mpaka kwenye maji mafupi na kusimama hapo. Jirani yake kuna kinyesi cheupe kama chokaa iliyomwagwa. Mnandi haonekani mchangani sana, anatua majini na kuzama. Mtafute juu ya nguzo akianika mbawa. Kenge ana vidole vitano vyenye kucha ndefu kila upande, na katikati ufito wa mkia unaopinda huku na huku. Huyo ni wa mchana, jua likishapanda. Paka ana vidole vinne bila kucha, mbwa vinne na kucha.

Alfajiri mchanga wangu ulionyesha mguu wa kama sentimita 5, vidole vitano vilivyotanuliwa, vyembamba, bila utando, ukipita sambamba na maji kwa kirefu badala ya kukata moja kwa moja. Huo ni mwendo wa nguchiro wa majini, yule wa rangi ya kahawia iliyokoza anayekaa mabondeni. Pemba yupo. Hutembea usiku ukingoni akipapasa chini ya maji kwa mikono, na anachokigusa ndicho anachokivuta, kwa hiyo perege waliolala kwenye maji mafupi ndio riziki yake. Nilifuata alama hadi kwenye tuta la mpunga nikakuta choo chake, kinyesi kilichorundikwa mahali pamoja. Kivunje kwa kijiti: magamba ya samaki, vipande vya gome la kaa, manyoya machache. Choo cha ngawa nacho hurundikwa pamoja, ila aghalabu utakuta mbegu za matunda ndani yake. Karibu na maji palikuwa na vichwa viwili vya perege na gome la kaa lililotafunwa. Korongo humeza mzima, hana vichwa vya kuacha.

Alama za korongo nazo zilikuwapo, chache, kona moja tu. Ili nijue sehemu yake katika hasara, nilizungusha mshipi wa nailoni ukingoni, uzi mmoja sentimita 15 kutoka chini na wa pili 30, umevutwa ukakaza kwenye vigingi vya mwanzi kila mita mbili. Korongo hupenda kutua pembeni kisha aingie kwa kutembea, na mshipi unamzuia hapo. Usilegeze: uzi uliolegea hunasa ndege miguu na kumuua bila faida. Alama zake zilikatika, vichwa vya perege viliendelea kuokotwa asubuhi. Mwenye hasara kubwa alikuwa wa usiku.

Ua niliojenga ni wa bati la kawaida, sentimita 90 juu ya ardhi na 30 ndani ya ardhi, upande laini ukitazama nje. Wavu wa kuku ni rahisi zaidi, ila kenge anaupanda kama ngazi na nguchiro anachimba chini yake. Ukiutumia, kunja sentimita 30 za chini zielekee nje, ufukie. Mti au mgomba uliolalia ua ukatwe. Mtaro wa kuingizia maji upitie kwenye bomba lenye wavu wa chuma, la sivyo umemfungulia mlango. Ukingo wa ndani nao niliuchonga uwe wima zaidi, maji yaanze na sentimita 60 palepale pembeni. Kwenye kina hicho korongo hawezi kusimama na nguchiro hafiki chini kwa mikono. Udongo wa kichanga haukubali kuchongwa hivyo, utaporomoka. Huko panga magunia ya mchanga.

Sumu sikuitumia na simshauri mtu. Chambo cha sumu huchukuliwa kwanza na paka, kunguru na bata wa jirani, na mzoga ukiishia majini umetia sumu bwawa lako mwenyewe. Tena Sheria ya Misitu ya Zanzibar Na. 10 ya 1996 inalinda baadhi ya wanyama pori, kwa hiyo kabla ya kutega chochote muulize bwana misitu wa wilaya.

Ukanda wa mchanga niliuhamishia nje ya ua, upana uleule. Alama zikizunguka bati bila kuingia, ua unafanya kazi. Zikikusanyika mahali pamoja, chimba hapo uangalie: kwangu palikuwa kiungo cha bati mbili, pengo la vidole vitatu, nikalifunga kwa misumari na kipande cha bati.